Wafyekaji Tayari

Kaka yetu mkubwa alipenda mipango kuliko alivyopenda wali. Alifanya kazi ofisini Dar es Salaam, na siku alipopata simu yenye sehemu ya kuandikia kazi za kufanya, basi tulikwisha. Unaandika kazi, unaandika nani ataifanya, ikimalizika unabonyeza kitufe na tiki inakaa pembeni. Alikuja nayo likizo kijijini kwetu Chunyu, akatukalisha barazani kwa mama, mimi na mdogo wetu wa kiume, akatuonyesha tiki ile kama vile kaizaa yeye.

Kilichozungumzwa ni shamba la mikorosho la mama. Enzi za uhai wa baba, miaka ya tisini, kazi ziligawiwa kwa mdomo asubuhi huku tunakunywa uji: wewe huku, wewe kule, na mama atakwenda panapobaki. Hakuna aliyeandika kitu, na ole wako usahau, maana baba alipita kuangalia kwa macho yake. Sasa baba hakuwepo na sisi tulikuwa tumetawanyika. Kaka Dar, mimi fundi cherehani Nachingwea mjini, mdogo wetu anafyatua matofali Ruangwa mjini. Mama alibaki peke yake kijijini, hana simu, na alituomba jambo moja tu: tusimtoe pale.

"Mikorosho hii inanilisha," alisema. "Mkiniondoa hapa nitakuwa mtu wa kulishwa."

Tukamwahidi kwamba haondoki.

Kaka akagawa kazi. Yeye kutuma salfa, ile dawa ya ukungu wa mikorosho. Mimi kutafuta watu wa kuipuliza. Mdogo wetu, kwa kuwa yuko karibu, kusimamia ufyekaji na kinga ya moto, yaani ule ukanda unaolimwa kuzunguka shamba ukabaki udongo mtupu, ili moto wa porini ukifika usipate cha kula. Kila mtu akimaliza kazi yake atume ujumbe wa simu wenye neno "tayari," na kaka atapiga tiki.

Mama akauliza yeye atafanya nini, maana kinga ile miaka yote alikuwa akiilima mwenyewe kwa jembe lake. Kaka akacheka. "Mama, umeshachoka wewe. Humu nimekuandika kupumzika." Tukacheka wote, na mama naye akacheka.

Mwanzoni mambo yalikwenda, sitaki kusema uongo. Salfa ilifika, ikapulizwa, nikatuma "tayari," kaka akajibu, "Safi sana dada." Nilifurahi kama mtoto aliyesifiwa darasani, mtu mzima na akili zangu. Maua yakashika, mikorosho ikaanza kubeba vizuri kuliko mwaka uliotangulia.

Ndipo mdogo wetu akatuma wake: "Wafyekaji tayari." Kaka akajibu safi sana, akapiga tiki, akanitumia na mimi habari kwamba kufyeka kumekwisha. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea kushona sare za shule.

Jamani, neno hilo! Chakula tayari, si maana yake njoo ule? Bado hakijaliwa. Mdogo wetu alikuwa na maana hiyo hiyo: watu wa kufyeka na kulima kinga nimewapata, wako tayari, semeni siku. Kaka akasoma kwamba wamekwisha kufyeka. Mmoja Ruangwa akasubiri kutajiwa siku, mwenzake Dar akafunga kazi, na nyasi za Chunyu zikaendelea kukauka chini ya mikorosho.

Baadaye niliwauliza wote wawili, na kwa kweli niliwauliza kwa kelele. Wewe uliyesubiri, mbona hukupiga simu tena? Eti aliona vibaya kumharakisha kaka. Na wewe mwenye mpango, mbona hukuuliza kinga ina upana gani, imelimwa mpaka wapi? Eti tiki ilikuwepo. Tiki! Nilitamani ningekuwa karibu naye nimzabe kofi, ingawa ni mkubwa wangu.

Moto ulitoka kwa wawindaji wa panya, kama kawaida ya msimu ule. Walichoma kichaka mchana wa jua kali, upepo ukaugeuza moto upande wetu. Mtu wa Chunyu aliyekuja Nachingwea kwa shughuli zake alinikuta kwenye cherehani akanipa pole, na mimi nikamwuliza pole ya nini.

Kesho yake nilifika kijijini juu ya lori la magunia. Moshi wa korosho unawasha macho, yale mafuta ya maganda ni makali, kwa hiyo nilikuwa natoa machozi kabla sijaona kitu. Miti ilikuwa imesimama. Majani yalikuwa bado juu, yamekauka yote rangi ya chai, na ukigusa tawi linakatika. Hakukuwa na mkorosho hata mmoja wa kusema huu utapona.

Nyumba ilisalimika. Mama alikuwa amekaa kizingitini. Hata shikamoo sikumpa, nikaanza kufoka: mzembe huyu, na yule naye na simu yake! Akaniacha mpaka nikaishiwa pumzi. Hapo hasira ikamgeukia yeye.

"Mama, si uliziona nyasi zimesimama? Mbona hukutuma mtu aniambie? Mbona hukushika jembe?"

"Niliziona kila siku," alisema. "Nikasema wanangu wana mpango wao. Nikishika jembe nitawaharibia."

Hakusema kwa kulaumu, na ndicho kilichoniumiza. Alikuwa ananieleza tu, kama unavyomweleza mgeni njia.

Wiki haikuisha kaka akatuma mgawo mwingine. Mdogo wetu kuuza mbuzi wa mama. Dada kumchukua mama. Mdogo wetu kufunga nyumba. Ndivyo ilivyokuja, mama katikati ya mbuzi na nyumba. Nililia kwa uchungu, halafu nikaenda kumchukua. Ningefanya nini? Mkorosho ukiupanda leo unataka miaka mpaka ubebe, na mama hakuwa na miaka hiyo. Alifunga nguo zake bila kubishana nasi.

Nachingwea nilikuwa nimepanga vyumba viwili kwenye nyumba yenye wapangaji wengi. Ua wa saruji, hakuna hata pa kuchomeka mche wa muhogo. Mama aliamka kabla ya kila mtu, akachukua ufagio, na wake za wapangaji wakamnyang'anya kwa heshima: "Bibi, acha, sisi tupo." Akataka kupika, nikamwambia mama, moshi utakuumiza. Basi alikuja kukaa kwenye kigoda karibu na cherehani yangu, kanga kaifunga vizuri kiunoni kama mtu anayetoka kwenda shamba, mikono juu ya magoti.

"Mwanangu, leo kuna kazi gani?"

Nilikuwa natazama huku na huku, kitambaa, sindano, ua uliofagiliwa. "Hakuna, mama."

Aliuliza hivyo kila asubuhi, msimu mzima wa mvua, mpaka ikafika asubuhi moja alipokaa kwenye kigoda chake bila kuuliza.