Baba kwenye Benchi la Nyuma

Miaka ya sabini, tulipokuwa tunakaa Nchelenge kando ya ziwa, karibu na soko la samaki, yaya wangu aliondoka na mwanamume. Yaya ndivyo tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, na huyu wangu alikuwa na sauti iliyobeba kwaya nzima. Mwanamume alikuwa mchuuzi kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, aliyekuja kununua chisense, wale samaki wadogo wanaokaushwa mchangani. Asubuhi moja mama alikwenda kumwamsha yaya, akakuta mkeka mtupu.

Baba naye alitoka Kongo, ndiyo maana nyumbani alizungumza Kiswahili chake na mama akamjibu kwa Kibemba. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili aliketi mbele kabisa, kando ya mchungaji, shati limenyooshwa kwa pasi ya makaa. Kanisa letu lilikuwa na sheria: msichana aliyezaa bila ndoa alikaa benchi la nyuma karibu na mlango, haimbi wala hashiriki meza ya Bwana, mpaka wazee waseme imetosha. Baba mwenyewe alikuwa amewapeleka wengi huko. Nilimwogopa, na Mungu nilimwogopa vilevile. Niliamini ananipenda siku nilizochota maji bila kununa, siku nyingine ananipa mgongo.

Yule mchuuzi alimwacha yaya huko Mununga, kwa wavuvi wa kaskazini. Mvua zilipoanza yaya akarudi juu ya lori la samaki, mtoto mgongoni, miguu imevimba. Mimi na mama tulikuwa uani tunapasua samaki. Mama alimtazama, akaingia ndani. Baba akatoka.

Yaya alipiga magoti palepale kwenye tope.

"Baba, sikukuya kwa kukaa. Nilikuya kuomba musamaha, kiisha niende."

"Uende wapi?"

Baba alimwendea, akamfungua mtoto mgongoni, akamwinua amtazame vizuri.

"Huyu mutoto eko na njaa," akasema. "Ingia kwa nyumba."

"Baba, hauniulizi kitu?"

"Nitakuuliza nini? Uko mutoto wangu. Hata ungebakia kule, ungekuwa mutoto wangu tu."

Mama alikuwa akilia ndani. Hasira yake haikuisha upesi, ila jioni ileile alichemsha maji, akamwogesha mjukuu wake bila kumsemesha yaya.

Jumapili iliyofuata nilisimama na kwaya, tukiwaelekea watu, nikamwona yaya akiingia na kukaa kwenye benchi la nyuma peke yake. Wimbo wa kwanza ulipoisha baba akainuka. Nilidhani ana tangazo. Badala yake alishuka katikati ya kanisa, akawapita wanaume, akawapita wanawake, akaenda kuketi kando ya yaya na kumpakata mtoto. Mtu mmoja akacheka. Mchungaji akakohoa. Sisi tukaanza wimbo wa pili kila mmoja kwa sauti yake.

Baada ya ibada mzee mwenzake wa kanisa, naye mtu wa Kongo, alitufuata nje.

"Mzee, wewe haukufanya zambi. Juu ya nini unakaa kule?"

"Sheria yenu sikatai," baba akamjibu. "Atakaa kule mpaka museme. Lakini hatakaa peke yake. Mimi Mungu alinipenda wakati sijajua kumuomba. Hakungojea nitengenezeke. Sasa mimi nimungojeshe mutoto wangu?"

"Na bale bengine ulibatuma kule wewe mwenyewe?"

Baba alivua kofia.

"Bale nilibaacha peke yabo," akasema. "Nilikosa."

Wiki hiyo alianza kuwatembelea wale aliowahi kuwapeleka benchi la nyuma. Mmoja wao, mwanamke aliyeuza maandazi penye mitumbwi, alikuwa ameacha kanisa kabisa. Nilikuwepo baba alipomwomba radhi. Mwanamke alimcheka kwanza, kwa sauti, wachuuzi wote wakageuka. Kisha akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia, baba amesimama tu na kofia mkononi. Hakuja kanisani Jumapili ile. Alikuja iliyofuata, akakaa nyuma pamoja nao.

Mimi sikuwa na la kuomba radhi wala la kusamehe, lakini maombi yangu yalibadilika. Niliacha kumtajia Mungu kazi nilizofanya kabla ya kumwomba kitu. Nilimwambia tu kwamba nipo. Ajabu ni kwamba siku za kuchota maji bila kununa ziliongezeka, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinipima.

Wazee walimrudisha yaya kwenye kwaya kiangazi kilipofika. Kabla ya hapo, mvua zikiwa bado zinapiga bati, mama aliinuka upande wa wanawake katikati ya mahubiri. Akaenda nyuma, akasimama mbele ya baba, akamwambia kwa Kibemba asogee. Baba akasogea. Mama akaketi kati yake na yaya, akanyoosha mikono apewe mtoto.