Pamba Fifi ya Mito

Kwetu, nje kidogo ya Bariadi, mwanamke aliyekaribia kujifungua alipewa kazi ya kukaa: kuchambua pamba. Karani wa ushirika alikuwa hapokei pamba iliyochanganywa. Nyeupe iende upande wake, hiyo tuliiita safi. Yenye madoa na majani makavu iende upande mwingine, hiyo ni fifi. Kwa kuwa ghala la baba lilikuwa kubwa na lina kivuli, wenye mimba na wenye vichanga wa jirani walikuja kuchambulia hapo, kila mmoja na kapu la kwao. Na mimi nikawa nao, maana sikuwa na mume wala shule.

Darasa la saba nilimaliza, jina langu halikutoka kwa waliochaguliwa sekondari. Nesi wa zahanati akanichukua nimsaidie siku za kliniki: kuning'iniza watoto kwenye mzani, kuweka nukta kwenye kadi. Niliipenda sana ile kadi. Siku moja nikamuuliza, "Dada, mbona mtoto ana nukta na mama hana?"

Akacheka. "Mama apimwe nini, mdogo wangu? Si kashazaa?"

Mimi nilijua apimwe nini, kwa sababu ghalani nilikuwa nasikia. Mikono ikiwa kwenye pamba na macho yako chini, mdomo unafunguka wenyewe. Mmoja halali tangu ajifungue. Mwingine analia akisikia ng'ombe wanarudi, hajui kwa nini. Nikaanza kupanga mambo kwa akili yangu ndogo: wawili wachambue, mmoja ashike vichanga, mmoja alale. Alale tu! Uji wa mtama ulikuwa wa kwetu. Nesi nikamsumbua mpaka akakubali kupita Alhamisi, atazame matiti na miguu iliyovimba. Kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba nzima ya akina mama, yenye madirisha makubwa, nimeipaka na rangi ya bluu.

Kati yao alikuwapo binti wa rika langu, kaolewa kwa jirani kutoka upande wa Kimali. Mtoto wake alikuwa na wiki nne. Wiki ya kwanza ghalani alichambua tu. Ya pili, akiwa anatoa jani kwenye pamba, akasema polepole kama anayezungumza na kapu:

"Nikimwogesha huyu mtoto naiogopa mikono yangu."

Hakuna aliyeshtuka. Mwenzake wa pembeni alivuta kapu karibu, akasema, "Basi utamwogeshea hapa, tukiwepo." Ikawa hivyo. Kila mchana alimwogesha mwanawe katikati yetu, na sisi tukimshikia maji.

Kurudi kwao hakuweza, na alituambia mwenyewe. Ng'ombe wa mahari yake walikuwa wameshamwolea kaka yake mke. "Nikirudi, nitarudia wapi? Wifi ndiye kalala penye ng'ombe zangu." Tulicheka, naye akacheka kidogo. 

Mwaka ule ndio soko la pamba lilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani yao. Wa kwanza kufika kwetu alipanda juu ya magunia na viatu vyake, akauliza wanawake wanafanya nini mle ndani.

"Wanachambua," baba akajibu.

"Mzee, hayo yalikuwa ya ushirika. Sasa ni soko huria. Mwaga yote pamoja!"

Wanaume walishangilia. Kesho yake ghala lilikuwa kimya. Mmoja kapelekwa kukata mtama na tumbo lake, mwingine kuchota maji. Wa Kimali alizuiwa nyumbani kwa mumewe. Nilimfuata. Mama mkwe wake alikuwa amekaa mlangoni na kigoda chake.

"Mwadila, mayu," nikamwamkia kwa Kisukuma, kama mtoto kwa mama.

"Mwadila. Pamba imekwisha, umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mama wa kichanga."

"Kwani anaumwa? Anakula, ananyonyesha. Ng'ombe walitoka zizi hili, hawakutoka ili akapige soga." Nyuma yake, gizani, nilimwona mwenzangu. Mtoto alikuwa chini kwenye mkeka, analia, naye kasimama mbali, mikono kaificha kwapani. Nikarudi nyumbani nikiwa kama mimi ndiye niliyefungiwa.

Ndipo nikafanya ujinga wangu. Nilimwomba nesi chumba cha nyuma cha zahanati, nikakifagia, nikaandika mlangoni kwa chaki, herufi kubwa: AKINA MAMA WENYE MAWAZO. Nikakaa na sufuria la uji. Siku tatu. Mlango wenyewe ulitazamana na foleni ya wagonjwa wote wa kata.

"Nani aingie hapo," nesi akaniambia, "mama mkwe wake yuko kwenye foleni anasubiri kupimwa homa? Uji wako tuwape wagonjwa, binti. Na hicho chumba hakina hata mto. Wanawake ninaowazalisha wanajifungua kichwa kikiwa kwenye saruji."

Hakuna hata mto! Nilifuta chaki kwa kiganja. Nikakimbia nyumbani, nikajaza kapu fifi iliyobaki chini ghalani, nikarudi kwa yule mama mkwe.

"Mayu, nesi anataka mito ya chumba cha kuzalia. Pamba lazima itolewe mbegu kwa mkono, moja moja. Naomba mkweo anisaidie."

Aliitazama ile pamba, akanitazama mimi. "Na mimi nitakuja," akasema.

Alikuja kweli ghalani, akakaa katikati kama askari. Wengine nao walirudi mmoja mmoja, kwa kuwa sasa ilikuwa kazi ya zahanati na hakuna mume wa kuikatalia. Maji yalipoletwa, wa Kimali alimvua mtoto nguo, akasimama. Akaificha mikono kwapani mbele ya wote. Mama mkwe aliendelea kung'oa mbegu, hakuinua uso.

"Wa kwanza wangu nilimwacha kwenye tuta la viazi," akasema. "Nilifika mpaka mtoni ndipo nikarudi kumchukua. Sikumwambia mtu." Kisha akaweka pamba chini, akashika beseni. "Mwogeshe, ng'wanone, mwanangu. Nimeshika."

Alimwogesha.

Jioni kapu lilikuwa limebaki na fifi ya kujaza viganja viwili tu. Wa Kimali alikuwa wa mwisho kutoka. "Kesho pamba ipo?" akaniuliza.

"Ipo," nikamwambia. Haikuwepo. Magunia yaliyobaki ghalani yalikuwa yameshauzwa, lori lilikuwa linakuja kuyachukua asubuhi.

Nilimweleza baba hayo yote wakati wa kula. Aliendelea kumega ugali, nikalala nikiwa nimekata tamaa. Asubuhi vijana wa lori walipakia mpaka likabaki gunia la mwisho. Baba akaliwekea mguu.

"Hilo acheni. Limelowa."

Mnunuzi aliingiza mkono, akautoa. "Mzee, mbona kavu kabisa?"

"Limelowa," baba akasema, akaliburuta mwenyewe kurudi ghalani.