Reki Niliyoiokota Bustanini

Kwetu mtaani Rhonda hakuna aliyesikia hii, lakini nyinyi nitawaambia. Juzi nilienda kumtembelea binti yangu Wambui, anayefanya kazi katika mji mmoja wa Ufaransa kando ya Bahari ya Mediterania. Siku ya tatu akanipeleka kuona bustani ya Kijapani.

Jamani, ile bustani! Maji yanateremka polepole kwenye mawe, samaki wekundu wamenenepa bila kuogopa sufuria, na miti imekatwa vizuri kuliko nywele zangu za Krismasi. Kulikuwa kumetulia hadi nikajikuta nanong'ona.

Wambui alipoenda msalani, nikaona uwanja wa mchanga mweupe umejaa mistari, na majani mawili matatu yameanguka juu yake. Kando kulikuwa na reki. Nikasema, huyu mfanyakazi ameacha kazi nusu. Na kwetu mgeni siku ya tatu hupewa jembe, haketi tu akitazama.

Nikavua viatu, nikaingia, nikausawazisha ule mchanga hadi ukawa laini kama uwanja wa harusi. Watalii walisimama wakinipiga picha. Nikajua wanajifunza.

Mzee mtunza bustani akaja. Akavua kofia, akaangalia mchanga, kisha akaniambia kitu kwa Kifaransa, kwa upole. Nikatabasamu, nikidhani ananishukuru.

"Wambui, mzee anasemaje?"

Binti yangu, aliyekuwa amerudi, alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

"Mum, ile mistari ilikuwa mawimbi. Anauliza bahari yake umeipeleka wapi."