Mgonjwa wa Ini Aliyenyimwa Mboga kwa Heshima

Saa kumi na mbili asubuhi, Kipyegon arap Rono anachota konzi ya majani ya chai na kuyafinya. Yakifumuka, bado; yakibaki yamejikunja, yamenyauka vya kutosha kwenda kwenye mashine. Kiwanda hiki karibu na Kapsoit kimekitegemea kiganja chake kwa miaka kumi na tisa.

Siku hizi anafanya kazi akiwa ameketi. Ana virusi vya homa ya ini aina ya B, vilivyogunduliwa mwaka 1994 alipokwenda kumchangia jirani damu.

Habari ilipofika nyumbani, ukoo ulimtunza kwelikweli. Hapa mboga za majani huonekana chakula cha wanawake na watoto. Mwanamume akiugua hupewa nyama, supu ya mizizi ya dawa na mursik, maziwa yaliyogandishwa kwenye kibuyu. Mkewe, Chepchirchir, alimwondolea hata kabeji kwenye sahani. Hali hiyo iliendelea kwa miaka mitatu.

Machi mwaka huu wa 1997, Daktari Gordon Okeyo, anayefuatilia wagonjwa thelathini na wawili wa ini, alimpima damu. Vitamini na madini yanayolinda seli yalikuwa karibu kwisha. Virusi hulitia ini moto kila siku, alimweleza, na mwili hutumia akiba hiyo kuuzima. Akamwachisha supu ya mizizi isije ikaliumiza ini zaidi, akamwambia ale mboga na matunda.

“Alinifinya hapa chini ya mbavu vile mimi nafinya majani,” anasema Kipyegon. “Nikajua jibu kabla hajasema.”

Jambo hilo bado linamuuma Chepchirchir. “Nilidhani namheshimu,” anasema. “Kumbe nilikuwa namnyima.”

Okeyo haahidi kitu. Mboga haziui virusi, na dawa yenyewe huku haipatikani. Vipimo vya Septemba vilionyesha akiba ya vitamini na madini imepanda kidogo tu.

Hata hivyo, Kipyegon amelima isagek, mboga chungu ya kienyeji, nyuma ya zizi. Wenzake wa rika humuuliza ataanza lini kubeba kuni kama wanawake. Anacheka nao, kisha anakwenda kuchuma.

Desemba wageni watatoka Merigi kumposa binti yake, Chepkemoi. Kaka zake Kipyegon wamemsihi siku hiyo ale nyama na wageni, mboga zifichwe jikoni, asiuaibishe ukoo. Amekataa. Sahani yake ya isagek itawekwa mezani, mbele ya wakwe.

“Wakicheka, wacheke,” anasema. “Mimi nataka kubeba mtoto wa Chepkemoi.”