Niliombewa gari ya safari ya solo Lodwar, kabla ya amen viti vikajaa

Wakuu, niaje. Walio kazini poleni, walio kwa jam ya Ruiru poleni zaidi. Leo natoa hii story vile ilivyokuwa. Sijaongeza chumvi, na mahali nilikuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mimi ni dame wa miaka ishirini na sita. Naishi Witeithie na mama yangu na wadogo zangu watatu, kwa nyumba ya vyumba viwili. Kwetu ni Kimilili lakini nimekulia hapa Thika Road. Mama anafulia na kupikia familia moja Membley. Mimi niko Industrial Area Thika, kiwanda cha biskuti, upande wa dispatch.

Kazi yangu ni kubandika majina ya miji kwa katoni. Embu. Isiolo. Narok. Lodwar.

Sijui ni nini ilinishika na Lodwar. Labda ni dereva wa hiyo lori. Huwa anarudi na vumbi mpaka kwa kope. Siku moja nikamuuliza kama barabara ni mbaya. Akasema, "Siku hizi si mbaya, madam. Ni ndefu tu. Unaweza endesha saa nzima hujaona mtu."

Saa nzima hujaona mtu! Wakuu, nilibaki na hayo maneno kama msichana ametongozwa mara ya kwanza.

Unajua mimi sijawahi kuwa peke yangu? Kitanda nashare na sister. Bafu ni ya ploti, unaoga mtu akigonga mlango. Hata nikilia lazima nieleze ni kwa nini. Na si ati siwapendi watu wangu, nawapenda mpaka basi. Lakini nilikuwa na hamu ya kukaa mahali hakuna mtu anaita jina langu, hata siku mbili, nisikie kichwa yangu inasema nini. Hiyo hamu ilikuwa inanikula. Niko kwa line nabandika katoni, akili iko Lokichar, njia ya Lodwar.

Basi nikajinyima, nikapata kagari kadogo ka mkono wa pili.

Planning ilinichukua miezi. Niko na daftari, nimeandika kila mahali: natoka Witeithie saa kumi na moja asubuhi, Ruiru nashika bypass, Nakuru chai, Eldoret, nalala Kitale. Kesho yake Makutano, Ortum, Marich, halafu ile barabara ndefu yote mpaka Lodwar. Siku ya tatu naenda kuangalia lile ziwa la huko, basi. Naliangalia tu.

Colleague wangu Shiku alinicheka. "Haiya! Peke yako? Na puncture je?" Lunch hour akanipeleka parking, akanisimamia nikatoa tairi na kurudisha mara nne. Mara ya tano akasema sasa naweza enda hata Sudan.

Kiwanda hufungwa siku kumi kila mwaka mashine zikifanyiwa service. Hiyo ndio ilikuwa leave yangu, hakuna ingine.

Sasa hapa ndipo nilifanya ujinga.

Watu wa kwetu tuko na mkutano Ruiru kila mwisho wa mwezi, kwa darasa la shule tunakodisha. Na kwetu gari haiendi safari yake ya kwanza ndefu bila kuombewa. Hiyo haina mjadala. Mama akasema nipeleke, nikapeleka.

Chairman wetu, Mzee Wafula, akaweka mkono mmoja kwa bonnet, ule mwingine umeshika maikrofoni. Akaniuliza mbele ya watu wote, "Binti yetu, safari ni ya wapi, tuitaje mbele za Mungu?"

Nikasema, "Lodwar, kupitia Kitale."

Wakuu, ningesema Mombasa! Mombasa hakuna mtu wa kwetu angeshughulika. Lakini Kitale, hapo karibu na kwetu? Kabla hajafika amen nikaona macho zimeanza kufunguka, moja moja. Watu wanahesabu viti.

Mama Nekesa, jirani yetu wa ploti, alikuwa wa kwanza, na salamu ya kwetu. "Mulembe, mwanangu. Si utaniwacha Webuye tu? Na kagodoro kangu." Halafu kuna mama mwingine na mtoto, anaenda kuona mgonjwa. Halafu Mzee Wafula mwenyewe akajiwekea kiti, kwa maikrofoni, "Mungu ametupatia gari."

Nilimwangalia mama. Nilikuwa nataka aseme neno moja tu, kwa sababu mimi siwezi kataa wazee, sikulelewa hivyo. Mama akaangalia handbag yake. Jioni akaniambia na yeye amepewa ruhusa Membley, atakaa kiti cha mbele.

Kwa hivyo safari yangu ya solo ilikuwa na watu watano kando na mimi, godoro juu ya carrier, na kuku mmoja.

Na usifikirie niliwashusha nikaendelea. Gari ikifika ushago huwa ni ya kijiji. Jumatatu kupeleka mahindi posho mill. Jumanne kupeleka mtu hospitali Bungoma. Jumatano wazee wanaenda kupeleka mahari. Kila asubuhi naamka nikisema leo natoka, na kila asubuhi kuna mtu amesimama kwa gari amevaa viatu vya kutoka. Niliona aibu hata kufungua daftari.

Siku ya nane niliwaambia naenda kuweka mafuta.

Nikaweka Kitale. Halafu badala ya kugeuka nikaendelea tu. Makutano. Chepareria. Ortum. Milima imesimama huku na huku, hewa inaanza kuwa moto, madirisha yote chini. Simu niliizima.

Baada ya Marich barabara ikafunguka. Nikapunguza, nikaegesha kando, nikazima injini.

Hakukuwa na mtu. Ni upepo na miti ya miiba. Nilikaa kwa bonnet na ndizi zangu mbili, na sikufikiria kitu ya maana hata moja, wakuu. Nilidhani nitawaza mambo makubwa. Nilikula tu ndizi. Halafu nikalia, na hakukuwa na mtu wa kuelezea.

Nilikaa kama dakika arobaini. Jumapili ilikuwa ya kurudisha watu Ruiru, na mgonjwa wa Bungoma alikuwa anatoka hospitali jioni hiyo, anangoja gari. Nikageuza gari. Kugeuza hiyo gari iliniuma kuliko kuachwa na mwanaume, na nimeachwa.

Nilifika nyumbani Kimilili saa kumi hivi. Mama alikuwa peke yake jikoni anachambua mboga. Aliangalia tairi, zile zimejaa vumbi nyekundu, akajua.

Nilingoja kelele. Akauliza, "Ulikuwa na nani?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna, mama."

Akachambua mboga kidogo. Akasema, "Mimi nilitoka kwa baba yangu nikaenda kwa baba yako, nikatoka hapo nikakuja kuwalea. Sijawahi kukaa nyumba tupu hata siku moja. Ya Membley nikiwa peke yangu, bado ni ya wenyewe."

Nilishika mboga nikamsaidia.

Fast forward. Jumapili iliyopita kwa mkutano, Mzee Wafula ameanza, "Nafula, leave yako si imekaribia tena?" Mama yangu, ambaye huwa haongei kwa mkutano, akasimama. "Hiyo gari nimeiomba mimi. Iko na safari yangu." Akaulizwa safari ya wapi. "Ni yangu," akakaa chini.

Mama hana safari popote, wakuu. Nilipomwambia tuende wote, alikataa. "Ukienda na mimi utashinda ukiniuliza kama nimekula."

Lesson yangu ni hii: safari ya peke yako usiitangaze kwa maikrofoni, hata kama ni maombi. Ombewa kwa sauti ya chini. Na kabla ulaumu mtu amenyamaza, uliza yeye alitaka nini.

Wale mmewahi endesha Marich mpaka Lodwar mkiwa solo, hasa madame, niambieni mafuta mnaweka wapi na nilale wapi. Na wale mtasema ni uchoyo kuenda na viti tupu, pia semeni, nimezoea.

Mama amesema nisimpigie nikiwa njiani. Nikirudi ataomba ruhusa nusu siku Membley, tukae, nimweleze yote polepole, hata zile mahali hakukuwa na kitu.