Mikono ya Mpishi

Kila jioni, kabla mpishi hajateremka kwake Iyunga, memsahibu anayempikia huko Uzunguni humnusa mikono, asije akawa ameiba siagi. Ndiyo maana huisugua kwa majivu mpaka ipauke, mikono ile ile iliyoshinda ndani ya siagi ya watu tangu alfajiri. Ikupa, mkewe, hajapata kusikia harufu ya siagi kwa mumewe. Husikia majivu tu.

Marta, binti yao, alipobatizwa, mpishi alimpikia keki kwa mafuta ya nyama ya ng'ombe badala ya siagi. Aliyayeyusha, akayachuja, akayakamulia limau kuua harufu, akayapiga na sukari mpaka yakawa meupe. Keki iliumuka vizuri sufuriani, makaa chini, makaa juu. Lakini baridi ya Mbeya haifichi kitu: mafuta yaliganda midomoni mwa wageni kama nta, wakawa wanajifuta kwa kanga.

“Kumbe keki za Wazungu ndizo hizi?” jirani mmoja akacheka.

Mpishi alinyanyuka taratibu. Ikupa alimkuta nyuma ya jiko, anajisugua majivu.

“Baba Marta, hapa nani atakunusa?”

Akamshika mikono amzuie. Mpishi akavigeuza viganja juu, akatazama pembeni, akangoja kunuswa.