Mama Mkwe Alipokuja Kuogelea

Opondo alikuwa mtu wa maji, na hakukuacha usahau hilo. Miaka tisa amekalia kiti kirefu cha mbao katika hifadhi yetu ya kisiwani, safari fupi ya boti kutoka Kisumu, akiwalinda waogeleaji. Sisi tunaosimamisha hema za wageni alituona watu wa nchi kavu tu. Tulimcheka kwa majivuno yake, lakini kweli alishawatoa watu wanne ziwani wakiwa hai.

Kazini alivaa kaptura nyekundu na filimbi shingoni, basi. Nyumbani kwao Otonglo, mbele ya mama mkwe wake, hata koti hakuwahi kulivua. Kwetu Wajaluo, mtu na maro wake, yaani mama wa mkewe, huheshimiana kwa umbali. Hawalali chini ya paa moja, na mwili wa huyu haufai kuonekana na yule. Wengi siku hizi wamelegeza. Opondo hakulegeza hata kidogo.

Jumamosi moja boti likashusha akina mama wa kanisa kutoka Ahero, wamekuja kupiga kambi. Kati yao nikamwona Selpha, mke wa Opondo, amemshika mkono mama yake, Mama Adongo. Hawakuwa wamemwambia Opondo, walitaka kumshtua kwa furaha.

Mama Adongo hakungoja chai. Alijifunga leso akaingia ziwani na wenzake, vigelegele juu. Pale mchanga una shimo. Nikasikia ukelele, nikaona mkono mmoja tu juu ya maji.

Opondo alisharuka kitini na kukimbia hatua kadhaa. Ndipo akamtambua. Haki ya Mungu, mtu wa maji akageuka, akakimbilia kibanda alichoachia nguo zake.

"Opondo! Maro anakufa!" nilipiga kelele.

"Nakuja! Wacha nivae!"

Mimi sijui kuogelea, nilibaki nimeshika nyundo ya hema kama mjinga. Naona aibu mpaka leo. Aliyeingia ni Nabalayo, mpishi wetu, Mbukusu asiyejua kuogelea pia. Alitupa mwiko, akatembea na aproni yake hadi maji yakamfika kifuani, akamkamata Mama Adongo kwa leso na kumburuta ufukweni. Tukamlaza ubavu, akatapika maji, akapumua.

Opondo akatokea. Suruali nyeusi, shati jeupe, mkanda umefungwa.

Mama Adongo, amefunikwa blanketi, alipopata sauti aliwageukia wenzake. "Mmeona mkwe wangu? Hata nikifa hawezi kunivunjia heshima. Wakwe kama huyu wameisha."

"Amina!" wakaitikia.

Afadhali angetukanwa. Opondo aliinamisha kichwa, akatamani ardhi ipasuke immeze. Machozi yalimtoka mbele ya wanawake wale wote na hakuyafuta. Nabalayo alirudi jikoni bila kumtazama.

Selpha hakusema amina. Alikuwa akipangusa nywele za mama yake, macho yakiwa kifuani pa mumewe.

"Baba Winny, hiyo shati iko na vifungo ngapi?"

"Saba."

"Na ulifunga ngapi?"

Opondo alishika kifungo cha juu.

"Zote."